Kuzitengenezea simu zilizofungwa mfumo endeshi wetu wenyewe: nianzie wapi, na nisimame wapi?

Mwanagenzi wa Tudor aliuliza:

Assalam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo ambalo ningependa mnisaidie kulipima kabla sijalitia mkono zaidi.

Kituo kimoja cha masomo ya jioni kule Kisauni, Mombasa, ninakojitolea kufundisha hesabu, kimepewa simu ishirini na kitu zilizokuwa zikitumiwa na maafisa wa nyanjani wa mradi uliokwisha. Zote ni za aina moja, za bei nafuu, zenye chipu ya MediaTek, RAM ya GB 2 na Android 9. Skrini ni nzima na betri nyingi bado zinafika jioni, lakini mtengenezaji amezipa kisogo. Kiraka cha mwisho cha usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya, ni cha mwaka 2020, na tangu 2025 hata Chrome haitoi matoleo mapya kwa simu ambayo haijafika Android 10. Wanafunzi wanazitumia kusomea vitabu na kufanyia mazoezi, na walimu wangependa kuzitumia kuandikia mahudhurio. Nimefikiri kwamba, badala ya kuziacha zigeuke taka, ningeweza kuchukua msimbo huria wa Android, ulio wazi kwa kila mtu kuutumia na kuubadilisha, nikaondoa programu zote zisizohitajika, nikajenga mfumo mwepesi ambao kituo kinaweza kuutegemea kwa miaka michache.

Nimekwama kwenye butiloda, ile programu inayoiamsha simu. Katika baadhi ya simu, swichi ya kuruhusu ifunguliwe inaguswa vizuri, na moja nimeifungua bila tabu. Katika nyingine swichi hiyo imefifia na haiguswi, ilhali ukiziweka mezani pamoja huwezi kuzitofautisha, na hata namba ya toleo la programu ni ile ile. Nimezifuta zote zikarudi kama mpya, lakini hali haikubadilika.

Kuna na la pili. Habari zimeenea kwamba kuna kijana anafungua simu, na mwenye duka mmoja mjini amenifuata akitaka nimwondolee kufuli katika simu zilizochukuliwa kwa mkopo wa kulipa kila siku, ambazo zimejifunga baada ya wenyewe kuchelewesha malipo. Bei aliyonitajia ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kulipwa kwa kazi ya kompyuta. Nimemwomba anipe muda.

Kwa hivyo ningependa kujua kwa nini simu za aina moja zinafunguka tofauti, kama mtu mmoja mwenye laptopu ya kawaida anaweza kweli kuifanya kazi hii hadi mwisho, na sheria ya hapa kwetu inasemaje. Shukran.

Baharia wa Nyali alijibu:

Wa aleikum salaam, ndugu. Kwanza tuzitenganishe kufuli zenyewe. Kufuli ya mtandao huzuia simu isikubali laini ya kampuni nyingine, nayo huondolewa kwa namba ya siri bila mfumo endeshi kuguswa. Kufuli ya mkopeshaji ni programu iliyopewa mamlaka juu ya simu nzima, hata mwenye simu hawezi kuiondoa, na hiyo nitawaachia wengine waizungumzie. Inayokuhusu wewe ni kufuli ya butiloda. Butiloda ni kipande cha programu kinachoamka mwanzo kabisa simu inapowashwa, na kinapokuwa kimefungwa hukagua saini ya kidijitali ya kila kinachofuata na kukataa kuwasha chochote kisichotiwa saini na mtengenezaji. Ndiyo sababu simu zinazoletwa kutoka Marekani zikiwa zimeondolewa kufuli ya mtandao hupokea laini yoyote ya hapa, na bado zikakataa katakata mfumo mwingine.

Sasa swichi iliyofifia. Katika baadhi ya simu huwa imefifia kwa sababu simu haijaunganishwa na intaneti tangu ifutwe, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huuliza seva yao kwanza kabla ya kuruhusu. Jaribu hilo, ni dogo. Lakini wewe umesema simu hizi zilikuwa za maafisa wa mradi, na hapo ndipo ninapotia shaka. Taasisi nyingi huandikisha simu za wafanyakazi wao katika mfumo wa usimamizi wa mbali, na msimamizi anaweza kuzuia butiloda isifunguliwe hata baada ya simu kufutwa. Iwashe moja ya zile zenye swichi iliyofifia ukiwa na Wi-Fi, uifuate hatua za mwanzo polepole, uone kama itakuandikia kwamba kifaa hiki kinasimamiwa na shirika. Ikiandika hivyo, usitafute ujanja wowote. Mwombe aliyekuwa msimamizi wa mradi azitoe simu hizo katika orodha yake. Ni kazi ya dakika chache kwake, na utakuwa na maandishi ya kuonyesha kwamba simu ni mali ya kituo.

Kuhusu watengenezaji kwa jumla, mlango umekuwa ukisongea mwaka hadi mwaka. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018. Xiaomi bado huruhusu, lakini humtaka mwenye simu ajiandikishe na kungoja siku kadhaa, na nyumbani kwao Uchina masharti yamekazwa zaidi. Samsung iliruhusu kwa muda mrefu katika simu zinazouzwa nje ya Marekani, ingawa ukifungua kuna fyuzi ya kielektroniki ndani ya chipu inayoungua mara moja na hairudi, na huduma zinazotegemea Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, hazirejei hata ukirudisha programu asilia. Tena mwaka 2025, ilipoleta One UI 8, toleo lake la Android, ikaanza kuuondoa uwezo wenyewe. Ukitaka kuifanya kazi hii kwa miaka, ichague simu kwa kuangalia kwanza kama inafunguka, kisha ndipo uangalie kamera na rangi.

Kufunguka kwa butiloda ni mwanzo tu, na kusema kweli ndiyo sehemu rahisi. Kinachowashinda wasanidi wengi wanaojitegemea ni kilicho nyuma yake. Android yenyewe ni huria, lakini programu zinazoiendesha kamera, modemu, kihisi cha alama za vidole na picha za skrini hutoka kwa kampuni ya chipu zikiwa zimefumbwa, nawe huwezi kuzirekebisha. Juu ya hayo unahitaji msimbo wa kaneli, yaani kiini cha mfumo kinachounganisha programu na vifaa vya ndani ya simu. Kaneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayomlazimu anayeisambaza atoe na msimbo wake, lakini wapo watengenezaji wanaoutoa nusunusu, au wanaotoa usiolingana na simu waliyoiuza. Pasipo kaneli inayolingana, utakesha ukishangaa kwa nini simu inawaka lakini haisikiki.

Habari njema ni kwamba simu zako zilitoka na Android 9. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, Google iliutenganisha mfumo endeshi na zile programu za chipu kupitia mradi wa Treble, na simu zilizozaliwa baada ya hapo zinaweza kupokea mfumo wa jumla usiotengenezwa kwa ajili ya aina moja ya simu. Maana yake ni kwamba unaweza kujaribu bila kujenga chochote. Pakua mfumo wa jumla uliojengwa na wengine, uuweke kwa fastboot, chombo cha kuandikia mfumo kwenye simu kutoka kwenye kompyuta, katika ile simu moja uliyoifungua, kisha uone nini kinafanya kazi na nini hakifanyi. Usikimbilie toleo jipya kabisa, kwa maana Android 13 katika umbo lake jepesi la Go tayari inataka GB 2 za RAM kama kiwango cha chini.

Ukija kutaka kujenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, laptopu ya kawaida haitatosha. Google wenyewe wanashauri nafasi ya GB 400 kwenye diski na RAM ya GB 64. Kupakua msimbo huo kwa bando la simu ni kujitafutia umaskini, basi kama una mlango chuoni, utumie usiku, na uwe na betri ya akiba, kwani umeme ukikatika katikati ya kujenga utaanza kupima imani yako.

Fundi wa Mwembe Tayari alijibu:

Kijana, Baharia amekueleza vizuri, nami nitasema kuhusu lile duka.

Usiiguse kazi hiyo. Simu ya mkopo haijawa mali ya aliyeibeba mpaka amalize kulipa, na aliyekuletea si mwenye simu wala si mkopeshaji. Jiulize amezipataje. Nyingine hununuliwa kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu aliyeshindwa kulipa, nyingine zimeibwa, na zote zikiingia mkononi mwako utakuwa wewe ndiye uliyezifungua. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inakataza kuingia na kuvuruga mfumo wa kompyuta bila idhini, na sioni ni idhini ya nani utakayoionyesha. Mteja mwenye deni ana njia yake: azungumze na mkopeshaji, alipe, na kufuli itaondoka yenyewe.

La pili ni IMEI, namba ya kipekee inayoitambulisha kila simu, na hili linakuhusu hata kwa simu za kituo, kwa sababu mtu mwema anaweza kuingia humo bila kujua. Simu za MediaTek huweka IMEI, anwani ya Wi-Fi na vipimo vya redio katika sehemu ndogo za kumbukumbu, na ile maarufu huitwa nvram. Ukiweka programu kwa kuagiza chombo kifute kila kitu kwanza, sehemu hizo nazo huondoka. Dalili yake utaitambua papo hapo. Fungua orodha ya Wi-Fi utaona mtandao ambao haupo, ulioandikwa NVRAM WARNING: Err = 0x10, kisha ukipiga *#06# utapata jibu tupu au ujumbe kwamba IMEI si sahihi, na laini haitashika. Hapo ndipo mafundi wengi huandika namba yoyote waliyonayo, na hapo ndipo wanapovunja sheria, kwa kuwa Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inamkataza mtu asiye mtengenezaji wala wakala wake kubadilisha utambulisho wa simu.

Dawa ni kuhifadhi mapema. Kabla hujaweka kitu kipya katika simu hata moja, soma na uhifadhi nakala ya nvram, nvdata, protect1, protect2 na proinfo, ukiandika kwenye jina la faili namba iliyo nyuma ya simu hiyo hiyo. Nakala ya simu moja usiiweke katika nyingine hata kama ni ndugu wa tumbo moja, la sivyo utakuwa na simu mbili zenye IMEI moja.

Kisha nieleze, huo mfumo wako utatumika na M-Pesa? Watu watakuuliza. Kwa menyu ya laini na kwa *334# hakuna tatizo, maana hiyo haiitegemei Android. Lakini programu za benki nyingi humuuliza Google kwanza kama simu ni halisi, na simu yenye butiloda iliyofunguliwa kwa kawaida hushindwa mtihani huo. Kwa kituo cha masomo hilo halina uzito. Kwa mteja wa dukani ndiyo malalamiko ya kwanza.

Binti Makadara alijibu:

Nimefurahi kuona mjadala wenye adabu. Mimi ni msanidi wa programu kwa kazi, na nimekuwa nikijenga mifumo ya simu zangu mwenyewe, kwa hivyo nina machache ambayo Kaka Baharia ameyapita haraka.

La kwanza, tusimpe Mwanagenzi matumaini makubwa kuhusu usalama. Ukiweka mfumo wa jumla wenye viraka vya mwaka huu juu ya simu ya Android 9, unakuwa umeirekebisha nusu ya juu tu. Kaneli, modemu na zile programu zilizofumbwa zitabaki zilivyokuwa mwaka 2020, na hakuna msanidi wa kujitegemea anayeweza kuzitia viraka asipokuwa na msimbo wake. Simu nyingi za kizazi hicho zina kaneli 4.4 au 4.9, na matoleo hayo yote mawili yamekwisha kuachwa na wasanidi wa Linux, la kwanza mwaka 2022 na la pili mwaka 2023. Mfumo mpya utakupa kivinjari kinachofanya kazi na vyeti vya tovuti ambavyo havijapitwa na muda, na hilo kwa kituo ni jambo kubwa. Lakini ukurasa wa mipangilio utaonyesha tarehe mpya ya kiraka, na tarehe hiyo haisemi habari yote. Waambie walimu hivyo, na wasiweke humo taarifa za wanafunzi zaidi ya majina na mahudhurio.

La pili ni saini, na hapa nimeona wengi, hata wenye uzoefu, wakiteleza. Msimbo wa Android huja na funguo za majaribio ambazo ziko wazi kwa kila mtu duniani. Usipozibadilisha, mfumo wako utajengwa na kutiwa saini kwa funguo hizo, nao utafanya kazi bila kulalamika. Lakini mtu yeyote anaweza kutengeneza programu, akaitia saini kwa ufunguo ule ule, na simu zako zikaiamini kama sehemu ya mfumo wenyewe. Tengeneza funguo zako kabla ya ujenzi wa kwanza unaokusudia kuwapa watu, na uzihifadhi nje ya laptopu unayotembea nayo, kwa kuwa ukizipoteza hutaweza kutoa sasisho ambalo simu zitalikubali bila kufutwa.

La tatu linatokana na hilo. Utasikia ushauri kwamba ukimaliza uifunge tena butiloda ili simu iwe salama. Katika simu za Pixel za Google hilo linawezekana, kwa sababu butiloda yake hukubali ufunguo wa mtumiaji, na mradi wa GrapheneOS, mfumo wa kujitegemea unaotilia mkazo usalama, umejengwa juu ya uwezo huo. Simu nyingi nyingine hazikubali, na ukiifunga huku mfumo uliomo si wa mtengenezaji, simu inaweza isiwake tena. Kwa hivyo za kituo zitabaki wazi, na kila zikiwashwa zitaonyesha onyo. Data iliyomo bado imesimbwa, lakini aliyeiokota simu anaweza kuifuta na kuiuza bila kizuizi cha akaunti ya Google, au akaitia mfumo wenye hila na kungoja mwenyewe aandike namba yake ya siri. Zifungieni kabatini jioni.

Kuhusu sheria, utakutana na watu mtandaoni watakaokuambia kwamba kufungua simu ni halali tangu 2010. Wanachokisema ni msamaha uliotolewa Marekani chini ya sheria yao ya hakimiliki, ambao hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu. Hata huko, mwaka 2013 msamaha wa kuondoa kufuli ya mtandao ulipokosa kuendelezwa kwa simu mpya, ilibidi wananchi wapeleke ombi Ikulu yao, na Bunge likapitisha sheria mwaka 2014. Hayo ni ya kwao. Hapa kwetu kinachokulinda ni kwamba simu ni za kituo, kituo kimekupa ruhusa, na hujagusa IMEI. Ipate ruhusa hiyo kwa barua.

Usisahau pia hakimiliki ya programu unazozitia ndani. Steve Kondik, aliyeanzisha CyanogenMod, mfumo wa kujitegemea uliotokana na Android, alipelekewa barua na Google mwezi Septemba 2009 kwa sababu mfumo wake ulikuja na Gmail, Ramani na duka la programu, ambazo si huria. Tangu hapo mifumo mingi ya kujitegemea husambazwa bila programu za Google, na anayezitaka huziweka mwenyewe. Ukitaka kuweka mfumo wako mahali ambapo wengine wataupakua, fuata desturi hiyo.

Na kwa kuwa umeuliza kama mtu mmoja anaweza: anaweza kuanza. CyanogenMod yenyewe ilikuja kuwa kampuni mwaka 2013, kampuni ikafunga huduma zake mwisho wa 2016, na kazi isipotee kwa sababu moja tu, kwamba msimbo ulikuwa wazi na wachangiaji wakauendeleza kwa jina la LineageOS. Weka kila unachokifanya hadharani tangu siku ya kwanza, hata kikiwa na aibu ndani yake.

Baharia wa Nyali alijibu:

Dada Makadara, nakubaliana nawe kuhusu kaneli, ingawa naona umekuwa mkali kidogo. Kati ya simu isiyofungua kurasa za wavuti na simu yenye nusu ya viraka, kituo kitachagua ya pili, na sioni kosa lao.

Niongeze lililotokea karibuni, kwa maana linaathiri hesabu ya mtu anayeanza sasa. Mwezi Machi 2025 Google walitangaza kwamba kazi yote ya kuiendeleza Android itafanyika ndani kwao, na msimbo utatolewa toleo likishakamilika. Miezi mitatu baadaye, Android 16 ilipotoka, hawakutoa zile faili za usanidi wa simu za Pixel walizokuwa wakizitoa kila mwaka. Pixel ndiyo iliyokuwa simu ya rejeleo kwa wasanidi wengi, na sasa nayo inabidi ichimbuliwe kama nyingine. Kwa simu zako za MediaTek hilo halina athari ya leo, lakini usiamini sana mwongozo wowote ulioandikwa kabla ya hapo.

Mwanagenzi wa Tudor alijibu:

Shukran sana nyote. Nimemrudishia mwenye duka jibu, na hakufurahi.

Baharia alikisia sawa. Nilipoziunganisha na Wi-Fi, zote zenye swichi iliyofifia ziliandika kwamba zinasimamiwa na shirika, na zile zinazofunguka hazikuandika. Inaonekana mradi uliandikisha shehena ya kwanza tu. Mwalimu mkuu wa kituo amewaandikia waliokuwa wasimamizi akiwapa orodha ya namba za simu hizo, na tumeombwa tusubiri. Wakati huo huo, kwa ile moja iliyo wazi, nimeshahifadhi sehemu zote alizozitaja Fundi. Nimeiuliza simu yenyewe kwa getprop, amri ya kusoma sifa za mfumo, nayo inasema ro.treble.enabled ni true na usanifu ni armeabi-v7a. Kaneli ni 4.9.117. Je, niandike barua kwa mtengenezaji kudai msimbo wa kaneli hiyo, au ni kupoteza muda?

Binti Makadara alijibu:

Usanifu huo maana yake mfumo wake ni wa biti 32, hata kama chipu ni ya biti 64, jambo la kawaida katika simu za GB 2. Tafuta mfumo wa jumla ulioandikwa a64, si arm64, maana huo wa pili utaifanya simu izunguke kwenye nembo bila kuwaka. Kabla ya kusema umefaulu, piga simu na usikilize pande zote mbili, ichaji ikiwa imezimwa, na uiache usiku mzima bila kuigusa uone asubuhi betri imebaki asilimia ngapi. Makosa mengi ya mifumo hii hujificha katika hayo matatu.

Baharia wa Nyali alijibu:

Barua andika, lakini kwanza tafuta. GPL toleo la 2 humruhusu mtengenezaji atoe ahadi ya maandishi ya kutoa msimbo, na ahadi hiyo inatakiwa kudumu angalau miaka mitatu, kwa hivyo kwa simu ya zamani hivi anaweza kukujibu kwamba muda umepita. Mara nyingi msimbo huwa tayari kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, ama katika ukurasa wa mtengenezaji ama wa simu pacha yake yenye chipu ile ile inayouzwa kwa jina jingine. Tafuta kwa namba ya chipu pamoja na 4.9.117, si kwa jina la simu. Ukiandika, taja aina kamili ya simu, namba ya toleo la programu kama inavyoonekana kwenye mipangilio, na leseni yenyewe kwa jina, ukiomba msimbo kamili pamoja na faili ya usanidi iliyotumika kuijenga. Faili hiyo huenda hata usihitaji kuiomba. Kama mtengenezaji hakuizima, angalia /proc/config.gz ndani ya simu yako. Ikiwa ipo, inakili leo, kabla hujaweka mfumo mwingine wowote.